Mume Kulia, Mke Kushoto

Mzee wa Mifupa hakupenda swali lolote lenye majibu mawili. Ukimwuliza kama anataka chai ya maziwa ama ya rangi, alikuwa anaangalia kikombe, anaangalia birika, anakuangalia wewe, kisha anasema, "Yoyote tu, Mama Akinyi." Ukimpa ya rangi anainywa kwa uso wa mtu aliyehukumiwa. Mimi ni mtu wa haraka. Nilikuwa nashona sare za shule pale Laini Saba, Kibera, na mteja akifika nataka aseme shingo ya V ama ya mviringo, nipime, aondoke. Kwa hiyo jirani huyu aliniudhi kwa miaka mingi na nilimpenda kwa miaka hiyohiyo.

Chumba chake kilitazamana na chetu katika ploti moja, tukitenganishwa na kamba ya nguo na mfereji wa maji machafu. Jina lake tulilijua lakini hakuna aliyelitumia. Hata mwenye ploti alipopiga hodi aliita, "Mzee wa Mifupa, uko?" Naye akajibu kutoka ndani, "Nafikiri niko."

Kazi yake ilikuwa kusafisha mifupa kwenye jumba la makumbusho. Si mifupa ya jana. Ilikuwa mifupa ya jamaa zetu wa kale kabisa, waliotembea kwa miguu miwili kabla hajakuwako mtu wa kuitwa mtu. Huja imeshikwa ndani ya jiwe, naye aliinama mchana kutwa na sindano kama ile ya daktari wa meno, akiliondoa jiwe punje kwa punje. Wasomi ndio waliosema huyu ni nani na aliishi lini. Yeye aliwasikiliza, akabeba maneno yao mpaka ploti, akatusimulia jioni tukichambua sukuma wiki. Kilichomsumbua katika yote hayo hakikuwa umri wa mifupa wala jinsi walivyokufa. Ilikuwa ni kujua yupi alikuwa mume na yupi alikuwa mke.

Nayasema haya mapema kwa sababu mtu huyu, aliyeshindwa kuchagua chai, siku moja alilazimishwa kujibu swali hilohilo mbele ya ukoo wa mume wangu, na jibu lake likawekwa juu ya kichwa cha mtoto wangu. Akosee, mtoto angelipa. Ndivyo tulivyoamini, na sitajifanya leo kwamba hatukuamini.

Nilimwuliza wakati mmoja ugumu uko wapi. Mume si mkubwa, mke si mdogo? Akaweka kisu chini.

"Wewe na Baba Akinyi, nani mrefu?"

Ploti nzima ikacheka. Mume wangu ananifika begani, na hilo si siri.

"Sasa," akasema Mzee, "mkifukuliwa nyinyi wawili baada ya miaka mingi, watasema wewe ndiye bwana. Watakuandika hivyo. Na hutakuwa na mdomo wa kukataa."

Kisha akaeleza, polepole, akirudi nyuma kila baada ya maneno machache kurekebisha alichosema. Sokwe wakubwa wa msituni, yule dume ni kama majike mawili. Sisi watu, tofauti ni ndogo. Wale wa kale walifuata mtindo upi? Hakuna aliyewaona. Ukipata taya kubwa na taya dogo, huenda ni bwana na bibi. Huenda pia ni watu wa aina mbili mbalimbali waliopita mahali pamoja, na lile taya dogo ni la mwanamume wa aina ndogo. "Sasa utasema nini?" akaniuliza, na macho yake yalikuwa na wasiwasi kweli, kana kwamba nina jibu nimelificha kwenye sufuria.

Nikamwuliza, na nyonga je? Mwanamke si nyonga? Akafurahi kidogo. Kwa watu wa siku hizi, alisema, nyuma ya mfupa wa nyonga kuna pengo. Ingiza kidole gumba humo. Kikibanwa, ni mwanamume. Kikicheza, ni mwanamke aliyeumbwa kupitisha mtoto. Lakini wale wa kale kabisa nyonga zao zilikuwa pana wote, na watoto wao walikuwa na vichwa vidogo, basi kidole kinacheza kwa bwana na kwa bibi. Na mara nyingi nyonga yenyewe haipatikani. Fisi hupenda kuanzia hapo.

Usidhani alikuwa mwoga wa kila jambo. Kwa wenye mimba alikuwa na kiburi cha ajabu. Mwanamke akipita na mtungi kutoka kwenye bomba, Mzee anatupa jicho mara moja na kutangaza, "Kijana!" Hakuwahi kupata. Nasema hakuwahi. Ikafika mahali wanawake wa Laini Saba wanamwendea makusudi ili wajue kinyume chake. Akisema kijana, unatafuta jina la msichana. Mimi mwenyewe aliniambia kijana, nikamzaa Akinyi. Alipomwona mtoto alicheka mpaka akashika mlango. Kukosea kwa aina hiyo hakukumwumiza, kwa sababu mtoto huja akajieleza mwenyewe. Aliyekufa ndiye aliyemwogopesha.

Kulikuwa na mmoja kazini kwake, kiunzi kidogo, chembamba cha paji, walichokuwa wakikiita mwanamke tangu alipoajiriwa. Mzee alikuwa anaingia asubuhi na kukisalimia: "Habari ya asubuhi, nyanya." Alitusimulia habari za nyanya huyo kama mtu wa kwao Kitui. Jioni moja akarudi uso umemsawijika, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, chakula hakukigusa. Mgeni msomi alikuwa amekuja, ameangalia nyonga ya yule nyanya, amesema hana hakika tena. Huenda ni kijana wa kiume ambaye hakuwahi kujaza mwili.

"Kwani kuna ubaya gani?" nikamwuliza. "Amekufa zamani hivyo."

"Nimemwita nyanya miaka yote hiyo, Mama Akinyi. Na kama ni babu?"

"Basi mwite babu."

"Na kama ni nyanya?"

Nilimrushia kitambaa cha meza kwa hasira. Lakini usiku ule, nasikia aibu kidogo kusema, nilimwaza huyo wa kwenye kabati, anayeitwa kwa jina lisilo lake na kila mtu mwenye adabu. Baadaye Mzee alituambia anamsalimia bado, ila anasema tu "Habari," bila kumwita chochote.

Alikuwa na misemo yake. "Mfupa hausemi uongo, ila hausemi." "Anayejua haraka hajaona vingi." Kwa huu wa pili alinilenga mimi. Alikuwa mtu wa kanisa, mwimbaji wa sauti nzito, na mchungaji wake hakupendezwa na ile kazi. Alipoulizwa inakuwaje mtu aliyeokoka anashinda na mifupa ya miaka ambayo haimo katika hesabu za kanisa, Mzee alijibu kwamba yeye huondoa jiwe tu, hesabu ni za wengine. Mchungaji akamwacha. Huwezi kugombana na mtu asiyesimama mahali pamoja.

Sasa nifike kule nilikoahidi.

Kwetu, karibu na ziwa, boma la wakwe zangu lilikuwa juu ya ukingo wa mto. Wakwe wote wawili walikwishafariki na kuzikwa hapo, mmoja kila upande wa nyumba. Mvua za mwaka ule zikashinda. Mto ukala ukingo, ukala nyumba, ukala makaburi. Ndugu za mume wangu wakakusanya mifupa kwenye matope kabla haijaenda na maji, wakaitia yote kwenye gunia. Nguo zilikwishaoza. Ukoo ukahamia juu, mbali na mto, na wazee wakasema wale wawili wazikwe upya kwenye boma jipya. Mume wangu ndiye kifungua mimba, kwa hiyo mzigo ulikuwa wake.

Desturi yetu haina utani. Mume hulala kulia mwa nyumba, mke kushoto. Ukiwapindua, umevunja mwiko, na mwiko ukivunjwa chira hushuka, nayo haimshiki aliyekosea. Humshika mtoto wake. Mtoto anaanza kukonda bila ugonjwa wenye jina, mpaka anakwisha. Miaka ile watu wengi walikuwa wanakonda, Kibera na kule nyumbani, na kila nyumba ilikuwa inatafuta sababu yake. Sisi tulikuwa na mtoto mmoja tu. Nilikuwa namwosha Akinyi kwenye karai na kumhesabu mbavu kwa vidole bila kutaka.

Ni mume wangu aliyemwendea Mzee. Nilisikiliza kupitia ukuta wa mabati.

"Mzee, wewe unasoma mifupa. Kuja utuambie nani ni nani."

"Mimi husafisha tu, ndugu yangu."

"Hata kama. Sisi hatuna mwingine."

 Nilijua anaangalia mlango, anaangalia mikono yake. Mwishowe akasema atakuja, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekubali kupasuliwa tumbo.

Alikuwa hajaona ziwa maishani. Alilitazama kutoka mlimani akasema kwamba maji mengi hivyo si mazuri kwa mtu. Tulipofika, wazee walikuwa wamekaa kwenye viti wanangoja, na gunia liko chini ya mti wa uani limefunikwa kwa majani ya migomba. Walitandika turubai. Mzee akavua koti, akaosha mikono, akapiga magoti, akaanza. Hapo, lazima niseme, hakusitasita. Alitenganisha watu wawili kama mimi ninavyotenganisha vitambaa, huyu mfupa wake mwekundu kidogo, huyu mweupe, kichwa cha paja kinaingia kwenye nyonga hii, ile hakiingii. Baada ya muda walikuwa wamelala wawili juu ya turubai, na shangazi ya mume wangu akaanza kulia kwa sauti ya chini.

Kisha akakwama. Nilimfahamu vya kutosha nikaona amekwama.

Kwa kimo walikuwa sawa. Baba mkwe alikuwa mfupi kama mwanawe, mama mkwe alikuwa mwanamke mrefu, wakalingana, na kila mtu pale alijua. Meno ya mbele ya chini hayakuwapo kwa wote wawili. Mzee akauliza kwa nini, akidhani amepata alama. Wakamweleza kwamba rika lile waling'olewa meno sita ujanani, wanaume kwa wanawake. Akatikisa kichwa. Akapapasa kingo za macho, akapapasa nundu nyuma ya sikio, akarudi, akapapasa tena. Alininong'oneza kwamba mama akizeeka sana fuvu lake huelekea la mwanamume, na hawa wote walizeeka. Nyonga za mmoja zilikuwa zimesagika na maji. Za mwingine, upande mmoja ulibaki. Nikamwona anaingiza kidole gumba. Akakitoa. Akakiingiza tena.

"Eeh, fundi?" akauliza mzee wa ukoo.

"Huenda..." akaanza.

"Hapana." Yule mzee akapiga fimbo chini. "Hapa sisi hatutaki huenda. Kaburi haina huenda. Tumechimba ya kulia na tumechimba ya kushoto. Sema."

Akinyi alikuwa mgongoni kwangu, amelala, jasho lake linapenya nguo yangu. Mzee alitutazama. Kisha yule mtu ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno moja lililonyooka akasimama, akajipangusa magoti, na kusema kwa sauti ya kanisani:

"Huyu ni mama. Aende kushoto. Huyu mwingine ni mzee. Mpelekeni kulia."

Wakawapeleka. Mume wangu alilala siku ile kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Mimi nilimshika Mzee mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo si la heshima kwa mke wa mtu, na hakuna aliyenikemea.

Baada ya hapo alibadilika, au mimi ndivyo nilivyoona. Mtoto wangu akawa kama amemzaa yeye. Akinyi akikohoa, Mzee yuko mlangoni na limau. Akinyi akikataa uji, Mzee anauliza ni tangu lini. Alimnunulia sandali, alimpeleka kliniki mimi nikiwa na kazi nyingi, na muuguzi aliponiona akaniambia babu yake ana wasiwasi kupita kiasi, hebu apumzike. Alipostaafu na kuhamia Kawangware, sehemu iitwayo Congo, kwa mwanawe fundi wa viti, alikuwa anakuja kwa miguu mpaka Laini Saba na fimbo yake, anasimama uani, na kabla hata ya salamu: "Mtoto ni mzima?" Nikimjibu ni mzima, anakaa. Nikitania kwamba ana mafua, anabadilika rangi, kwa hiyo niliacha kutania. Sisi tulisema ni upendo. Wazee wengine hupenda mtoto wa jirani kuliko wajukuu wao, na wajukuu hawakosi kununa.

Halafu akaacha kuja. Miguu ilivimba. Ilikuwa kuelekea mwisho wa miaka ile ya tisini, na Akinyi alikuwa tayari msichana wa shule mwenye maneno mengi, wakati mkwe wa Mzee, mke wa yule fundi, aliponitumia habari kwamba baba ananitaka mimi peke yangu. Nikafunga cherehani, nikaenda.

Nilimkuta amekaa nje kwenye jua, karibu na fremu za viti ambazo hazijavalishwa. Alikuwa amepungua. Mkwe wake aliweka bakuli la muthokoi, mahindi ya kukobolewa ya kwao, kwenye stuli na kutuachia nafasi, na yeye hakuitazama.

"Mtoto ni mzima?"

"Mzima. Anasumbua walimu."

Akaitikia kwa kichwa. Akavuta pumzi.

"Mama Akinyi, kuna kitu nataka kukwambia, na wewe usinikatize, maana wewe hukatiza."

"Sema, Mzee."

"Ile siku kule kwenu. Mimi sikujua."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa.

"Kidole hakikubanwa, na hakikucheza. Kiko tu katikati. Nikaona uso wa bwana yako, nikaona mtoto. Nikasema tu. Kazini ningeweka alama ya kuuliza niende nile lunch. Pale ningeiweka wapi?" Akashika fremu ya kiti iliyokuwa karibu. "Nimengoja, Mama Akinyi. Kila mwaka nasema, huu ukipita, basi. Na mtoto akikohoa tu, mimi najua ni mimi."

Niliogopa. Nataka kusema wazi kwamba kabla sijamhurumia niliogopa. Nilimwona mama mkwe wangu amelala upande wa mume miaka yote hiyo, anangoja mtu amwone. Nilitaka kumpigia kelele. Kisha nikamtazama vizuri, ngozi imelegea shingoni, na nikaona kwamba aliyekonda kwa neno lile ni yeye.

"Wewe umeogopa bure," nikamwambia. "Mama mkwe alivunjika mkono akiwa msichana, ukaunga vibaya. Mfupa ule niliuona kwenye turubai, kwa huyo uliyesema ni mama. Sisi wanawake tulishajua kabla hujafungua mdomo."

Ulikuwa uongo mtupu. Mama mkwe wangu hakuvunjika hata ukucha. Na nilikuwa namdanganya mtu aliyeushika kila mfupa wa wale wawili kwa mikono yake, aliyekumbuka punje za jiwe za miaka iliyopita.

Akafumba macho. Vidole vyake vikaanza kutembea juu ya mapaja, vikipanga kitu, na nikajua anawalaza tena wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Mkono upi?"

"Wa kushoto."

"Juu ya kiwiko ama chini?"

"Chini."

Vidole vikasimama. Nilisikia nyundo ya mwanawe ikigonga upande wa pili wa ukuta. 

"Nauona," akasema.

Kama uzee ulimwundia mfupa huo papo hapo, ama alitazama, asiupate, akaamua kupokea nilichompa, sijui mpaka leo. Alifumbua macho na alikuwa amekasirika, amekasirika kweli, sijapata kumwona vile.

"Ungeniambia mapema! Miaka yote hii, mwanamke wewe! Ungefungua mdomo tu!"

"Nisamehe, Mzee."

"Miaka yote hii," akarudia, lakini sauti ilikuwa imeshashuka. Akavuta bakuli, akala, akaomba aongezewe. Kabla sijaondoka alikuwa amelala kwenye kiti chake mdomo wazi, na mkwe wake aliniambia hajamwona akilala mchana tangu Krismasi.

Nilirudi kwa miguu. Nilipofika Laini Saba, Akinyi alikuwa kwenye ngazi ya mlango anafanya hesabu, daftari limelala magotini. Nikamshika shingo, kisha paji la uso.

"Nini, mathe?"

"Hakuna. Umekula mchana?"

"Si ulituachia githeri?"

"Nimekuuliza kama umekula."

"Nimekula. Nini sasa?"

Nikamwambia aache hesabu kidogo, asimame pale penye mwanga, nimtazame.